Daktari uliyemaliza chuo 2005, unatibu kwa kitabu cha mwaka gani? Wa Tanga tuongee

Mgosi wa Chumbageni (mleta mada)

Habari za humu wakuu, wagosi na wasio wagosi.

Mimi ni tabibu, nipo kituo cha afya ndani ya Jiji la Tanga, na si mgeni kwenye kazi hii. Juzi kijiweni mwenzetu mmoja wa fani alikuwa anatamba: tangu atoke chuo hajafungua kitabu, na wagonjwa bado wanampangia foleni. Watu wakampa tano. Nikaona badala ya kubishana naye kahawa ikapoa, nilete mada huku.

Tukisema mtaalamu ajiendeleze, wengi wanafikiria kuongeza: digrii ya pili, cheti, semina. Kwangu kuongeza ndiyo sehemu nyepesi. Kazi ipo kwenye kuacha. Uache kitu ulichofundishwa na mwalimu unayemheshimu, ukakifanyia mtihani ukafaulu, ukakitumia miaka kumi na watu wakapona unawaona. Hapo ndipo wengi wetu tunakwama, na nitawapa mifano ya hapahapa mkoani.

Tuanze na malaria. Aliyeanza kazi miaka ya tisini alianza na klorokwini. Agosti 2001 nchi ikaihama, tukaingia SP, ile iliyozoeleka mtaani kwa majina ya Fansidar na Metakelfin. SP nayo haikukaa. Muheza hapo vimelea viliizoea mapema mno. Mwishoni mwa 2006 ikaingia dawa mseto. Yaani ndani ya miaka isiyofika sita, tiba ya ugonjwa unaouona kila siku imebadilika mara mbili. Na kuna watu, wenye leseni kabisa, waliendelea kuandika SP kwa mgonjwa wa malaria muda mrefu baada ya hapo, kwa hoja kwamba "hii ndiyo inayoshika".

Malaria kali hivyohivyo. Wa zamani mnakumbuka kwinini kwenye dripu: mgonjwa analalamika masikio yanavuma, na wewe unahangaika kupima sukari isije ikashuka. Mwaka 2010 yakatoka matokeo ya utafiti wa AQUAMAT, watoto 5,425 kwenye nchi 9 za Afrika. Waliopewa kwinini walikufa 10.9 kwa kila 100, waliopewa artesunate, dawa mpya ya sindano, 8.5. Hospitali Teule ya Muheza ilikuwa mojawapo ya vituo vya utafiti huo. Ushahidi uliobadilisha tiba Afrika nzima sehemu yake imetoka mwendo wa daladala kutoka stendi yetu.

Sasa kubwa kuliko. Mtoto analetwa na homa kali, anapumua kwa shida, mikono na miguu ya baridi. Unambonyeza ukucha unakuwa mweupe, unaachia, unahesabu sekunde damu irudi. Inachelewa. Chuoni tulifundishwa wote: mzunguko wa damu umeshuka, tafuta mshipa, fungulia maji mbio. Halikuwa jambo la kujadili, ukilijadili unampotezea mtoto muda.

Timu ya mtafiti Kathryn Maitland ikalijadili. Utafiti wao wa FEAST ulifanyika hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania, na ya Tanzania ilikuwa hiyohiyo Teule ya Muheza. Watoto 3,141 waligawanywa mafungu matatu. Fungu moja walifunguliwa maji ya chumvi haraka, la pili albumini (maji yenye protini ya damu) haraka, la tatu hawakupewa hayo maji ya haraka, bali yale ya kawaida taratibu pamoja na tiba nyingine. Januari 2011 wasimamizi wakaamuru zoezi lisimame kabla ya wakati wake. Ndani ya saa 48, kwenye mafungu mawili ya maji ya haraka walikufa 10.5 na 10.6 kwa kila 100. Fungu la tatu, 7.3.

Someni tena hiyo. Tulichokuwa tunakifanya kwa nia njema na kwa mujibu wa kitabu kilikuwa kinaongeza vifo.

Tuelewane lakini: watoto wa kuharisha na kutapika hawakuwemo, wala wenye utapiamlo mkali. Aliyekaukiwa kwa kuhara bado anahitaji maji yake. Msije mkamnyima mtoto dripu eti mgosi kasema.

Matokeo yalichapishwa Mei 2011. Shirika la Afya Duniani lilirekebisha mwongozo wake wa huduma za dharura kwa watoto 2016. Aliyekuwa anasoma alijua 2011. Aliyengoja waraka alijua 2016. Aliyengoja semina huenda ndiyo anajua leo, kwenye uzi huu.

Nakaribisha mawe.

Fundi Kabureta

Mgosi umegusa na huku kwetu Ngamiani. Mafundi waliogoma kujifunza sensa na kompyuta ya kusoma gari wamebaki na pikipiki na Land Rover za mkonge. Ila nyie mkikosea injini haibadilishwi. Endeleeni, mie nasoma.

Dokta wa Zamu

Mada nzuri, ila naona mleta mada anaruka ukuta mmoja. Huwezi kubadilisha tiba kwa sababu umesoma makala moja usiku. Mgonjwa akifariki, swali la kwanza la Baraza la Madaktari ni "ulifuata mwongozo gani?" Ukijibu "niliona utafiti", umekwisha. Yule aliyengoja waraka unayemcheka hapo juu ndiye aliyefuata utaratibu.

Halafu tafiti zenyewe zinapingana. Leo mayai yanaua, kesho yanajenga. Kila mmoja akiamka na makala yake, wodi inakuwa kijiwe.

Na tuseme ukweli, daktari mmoja zamu ya usiku, wodi ya watoto imejaa wawili wawili kitandani, huyo unamwambia asome saa ngapi?

Mgosi wa Chumbageni

Dokta, la mwongozo nakupa. Sijasema kila mtu aandike wa kwake. Ila kati ya kufuata mwongozo na kulala kuna nafasi kubwa. Aliyesoma FEAST 2011 hakuwa na ruhusa ya kujibadilishia tiba, sawa. Lakini alijua swali lipo wazi. Akifungulia maji, alirudi kwa mtoto mapema, akahesabu pumzi, akasikiliza kifua, akapima sukari na wingi wa damu, akajiuliza kama shida si upungufu wa damu unaohitaji kuongezewa damu. Na aliweza kulipeleka kwenye kamati ya dawa na tiba ya hospitali yake. Kamati hizo zipo kwa ajili hiyo, ila nyingi zinakutana pale ukaguzi unapokaribia.

La muda sina jibu zuri. Ni kweli watu wamechoka.

Mama Nuru

Mimi si wa fani, ni mzazi tu, nipo Makorora. Naomba kuuliza bila kumkwaza mtu. Nitamjuaje daktari anayejisomea? Maana siku moja nimempeleka mwanangu, daktari akafungua kitabu mbele yangu, akachungulia na simu. Nyumbani wakaniambia huyo ni mwanafunzi, nisirudi tena.

Mgosi wa Chumbageni

Dada, rudi kwa huyohuyo.

Dozi ya mtoto inakwenda kwa uzito. Anayeangalia kitabu ahakikishe milligramu anakujali kuliko anayekisia kwa kukutazama usoni. Najua mtaani kwetu daktari akifungua kitabu anaonekana hajui, na hii imetuharibia sana, maana vijana wanajificha chooni kuangalia dozi. Siyo utani, wanakwenda kweli.

Kingine, muulize, "hii dawa ni ya nini, na nikiona nini nirudi?" Anayejua anakueleza kwa Kiswahili chepesi. Asiyejua anakukasirikia.

Mkunga Pwani

Wakuu, mie ni mkunga na hapa kwenye semina ndipo pangu.

Mwalikwa kwenye semina anajulikana: mfawidhi, au mpenzi wa mfawidhi. Siku tatu hotelini, posho, begi, picha ya pamoja. Anarudi, vitini vinaingia kabatini. Sisi tunaoshinda leba tunajua semina ilikuwepo kwa kuona kofia. Sitataja ni wapi, ila wenzangu mnapajua maana ni kila mahali.

Na si maneno yangu tu. Hospitali ya Haydom, kule Mbulu, walifundisha watumishi kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua, mafunzo ya siku moja. Wakawapima. Kwenye mwanasesere watu walikuwa hodari kuliko mwanzo. Leba, kwa watoto wenyewe, hakuna kilichobadilika. Hayo yalichapishwa 2013. Wakabadilisha mtindo, mwanasesere akawekwa palepale kazini, mazoezi mafupi ya dakika chache, mara kwa mara, wiki hadi wiki. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila 1,000. Hospitali ileile, fundisho lilelile.

Kwa sisi tuliokuwepo mtoto akizaliwa kimya hilo halitushangazi. Una kama dakika moja. Hukumbuki kitini. Mikono inafanya ilichozoea: kufuta, kumsugua mgongo, kuweka kichwa sawa, barakoa usoni bila kuvujisha hewa, na jicho kwenye kifua kama kinapanda. Mkono ambao haujashika begi la hewa miezi sita unabana barakoa vibaya, na huwezi kujua mpaka uone kifua hakipandi.

Mfano wa pili ni damu baada ya kujifungua. Miaka yote tumekadiria kwa macho. Kanga mbili zimelowa, pedi tatu, unaandika "mililita 300". Kumbe macho yanadanganya, na yanadanganya kwa kupunguza. Mwaka 2023 ukatoka utafiti wa E-MOTIVE, hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania. Mama anatandikiwa plastiki yenye mfuko na mistari ya kupimia, damu inaingia humo unaisoma. Ikivuka kiwango, tiba zote zinaanza kwa pamoja: kukanda mji wa mimba, oksitosini, dawa ya kuzuia damu, dripu, na kumchunguza damu inatokea wapi. Zamani tulianza na moja, tunasubiri, tunaongeza nyingine. Madhara makubwa yalipungua kwa asilimia 60.

Mnajua kigumu kilikuwa nini? Si plastiki. Ni mkunga mzoefu kukubali kwamba jicho lake halikuwa kipimo.

Tembo wa Amboni

Mbona kama mnatuandaa kulipishwa ada nyingine ya leseni. Chai hii.

Mkunga Pwani

Ada unalipa tayari mgosi, na pointi za CPD, yaani za kujiendeleza kitaaluma, unatakiwa uwe nazo. Ninachosema mie ni kwamba pointi zinatolewa kwa kukaa kitini. Hakuna anayekuja leba kuangalia kama mkono umebadilika.

Duka la Kona

Na sisi wa maduka ya dawa muhimu mtusikilize. Mnasema wataalamu, mteja mmemsahau. Anakuja: "Nipe ile ya rangi mbili, ya mia tano." Mafua! Nikimweleza mafua ni virusi, antibiotiki haisaidii, anavuka barabara kwa jirani. Mimi nimejifunza, yeye hajajifunza, biashara inakwenda kwa ambaye hajajifunza.

Na malaria ndiyo kabisa. Kipimo kimesoma hana, yeye anataka mseto, "najijua mwenyewe malaria yangu."

Mgosi wa Chumbageni

Duka la Kona, hiyo ya "malaria yangu" sisi ndio tuliowafundisha. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Kati ya wagonjwa waliolazwa na kutibiwa kama wenye malaria kali na wakapimwa vizuri, waliokutwa na vimelea walikuwa 46 kwa kila 100. Zaidi ya nusu walikuwa na kitu kingine, na wengi wa hao hawakupewa tiba ya hicho kitu kingine. Homa ni malaria, tukasema, tukasema, mpaka bibi kijijini akaamini. Sasa tunamlaumu bibi.

Korogwe Kwetu

Nimekaa kliniki ya wanaoishi na VVU kama mtoa huduma ngazi ya jamii, naomba niongeze moja maana hakuna aliyeigusa.

Zamani mtu anapimwa, ana virusi, anaambiwa, "CD4 zako, yaani chembe za kinga, bado ziko juu, nenda, urudi zikishuka." Kikomo kilikuwa 200, baadaye 350, baadaye 500. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likasema ukigundulika unaanza, na Tanzania ikaanza kufuata hivyo 2016. Sasa fikirieni nesi yuleyule aliyekuwa anamrudisha mtu nyumbani, anampigia kumwambia njoo uanze dawa leo. Mama mmoja alituuliza, "Kwa hiyo mlikuwa mnanisubirisha nini miaka yote?" Swali halina matusi, na nesi hakuwa na cha kusema.

Nakubaliana na mleta mada kuhusu kuacha. Ila mnaacha na nani? Mgonjwa naye alikuwa ameshajifunza kwenu. Hakuna mwongozo unaofundisha namna ya kumwambia mtu kwamba tuliyokuambia mwanzo yamebadilika na kwa nini. Wengi wananyamaza, wanaandika dawa mpya tu. Hapo ndipo mtaani wanaposema tunajaribiwa.

Dokta wa Zamu

Hiyo ya Korogwe ndiyo hoja niliyotaka kuisema nikaishia kwenye mayai. Mgonjwa anapoona tunageukageuka anakwenda kwa mganga wa kienyeji ambaye hajawahi kugeuka tangu babu yake.

Korogwe Kwetu

Yule mama hakwenda kwa mganga. Alianza dawa, sababu mganga mfawidhi alitoka ofisini akakaa naye kwenye benchi, akamweleza kwamba wakati ule dawa zilikuwa chache na madhara yake makubwa, na kwamba utafiti wa kulinganisha anayeanza mapema na anayechelewa ulikuwa bado haujatoa jibu. Ilichukua kama robo saa. Foleni ilinung'unika.

Mwl. Pongwe

Walimu tupo. Mtaala mpya umeanza Januari 2024 na wengine tuliona vitabu baada ya wanafunzi. Nasema hivyo tu, nisiharibu uzi wa watu.

Intani Bombo Road

Shikamooni wakubwa. Mimi ni daktari mwanafunzi wa vitendo, jina la hospitali niliache.

Tatizo letu si kusoma. Tunasoma, bando likiruhusu. Mwongozo wa matibabu wa taifa, toleo la sita la 2021, upo kwenye simu yangu. Hospitali ikijisajili Hinari, mpango wa kusoma majarida mtandaoni, majarida mengi ya kitabibu yanafunguka, mpango huo upo tangu 2002, ila ukiuliza nenosiri analo nani, kila mtu anamtaja aliyehama.

Tatizo ni kusema. Asubuhi kwenye ripoti, mkubwa anauliza kwa nini mtoto wa kitanda fulani hakufunguliwa maji. Unajua jibu, unalo kwenye simu, na unajua ukilitoa utaonekana una kiburi. Kuna mwenzangu alijibu, kwa adabu kabisa, na "samahani daktari" mbele. Akapangwa zamu za usiku mpaka rafiki zake wakadhani amehama mji. Tangu hapo ripoti zetu ni "ndiyo daktari", "sawa daktari".

Kwa hiyo maarifa mapya yanaingia hospitali kila mwaka na kila kundi la intani, na yanatoka nalo likimaliza.

Mkunga Pwani

Mwanangu pole. Na sisi wakunga tunalijua hilo, intani anapotujibu sisi ndio wa kwanza kusema "hawa watoto wa siku hizi". Lazima tuseme na letu.

Kwetu tulijaribu hivi: kila wiki anayeongoza zoezi la mwanasesere anabadilika, na wa kwanza tukamweka mhudumu mdogo kabisa. Mkubwa anapuliza, mdogo anaangalia kifua na kusema "hakipandi". Ukisharuhusiwa kumwambia bosi "hakipandi" kwenye mwanasesere, siku ya mtoto wa kweli unaweza kusema. Si wote walipenda. Mmoja hakuja mpaka amehama.

Dokta wa Zamu

Intani, na mimi nilikuwa wewe, kwa hiyo sikubishii. Mleta mada, mambo mawili. Kwanza, hiyo FEAST naitaka, nataka iwasilishwe kwenye kikao chetu cha elimu cha Alhamisi. Sisemi nimekubali yote, bado nataka kujua watoto wa Muheza walipatiwaje damu kwa haraka, maana kwetu benki ya damu ni hadithi, na matokeo ya mahali penye damu siyo lazima yawe ya mahali pasipo nayo.

Pili, nani awasilishe? Mimi sitaki ugomvi. Mkuu wetu wa idara ndiye aliyetufundisha wote kufungulia maji mbio, na bado anafundisha hivyo.

Mgosi wa Chumbageni

Makala inasomwa bure mtandaoni, tafuta jina la Maitland na mwaka 2011, jarida ni New England Journal of Medicine. Swali lako la damu liandike, ni swali zuri kuliko nusu ya uzi huu.

Na mwasilishaji umeshampata. Mpe mkuu wa idara mwenyewe. Mpelekee Jumatatu, mwambie vijana wanahitaji mtu mzito wa kuwachambulia. Ataisoma.

Intani Bombo Road

Alhamisi saa ngapi, daktari? Nabadilishana zamu sasa hivi.